Harufu Iliyomnyoa Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Naipingo harufu zilikuwa zinasalimiwa. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyetufundisha: ukisikia harufu mbaya ndani ya nyumba na humwoni mwenyewe, usizibe pua wala usiteme mate, maana ama ni mtu wa zamani anapita, ama ni kitu kimetumwa na mchawi. Unasema "karibuni," kisha unanyunyiza unga wa mtama mlangoni. Nikizikumbuka siku zile naona kama naota: moshi wa mapori waliyokuwa wakiyafyeka Wazungu wa mashamba ya karanga, vumbi jekundu limetanda hata adhuhuri inafanana na jioni, na bibi amesimama mlangoni anaukaribisha ushuzi wa mbwa.

Ndiyo, ushuzi. Miaka yote hii nimeyasema ya watu wa Nachingwea na Ruangwa, nani kamwacha nani, nani kazaa na nani, ila hili nimelikalia. Wenyewe wote wameshatangulia. Acha nilitoe.

Rafiki yangu Fidea alikuwa mtoto wa familia ya Wakristo ng'ambo ya kijito. Baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu kambini, na Mzungu aliporudi kwao alimwachia mpishi mbwa mzee, Popi, macho yameingia ukungu, hata kubweka alishaacha. Ukatokea msiba kwa ndugu zao Mbekenyera, ikabidi waondoke wote wiki nzima. Fidea akanijia analia, maana msimu ule kulikuwa na chui anayechukua mbwa wanaolala nje.

"Mfiche ndani, Zuhura. Ila usimpe mbaazi."

"Akila mbaazi anafanyaje?"

"Utajua mwenyewe."

Sisi Waislamu, mbwa hakai ndani ya nyumba, na fimbo ya baba haikuwa na mchezo. Nilimpitisha mlango wa uani bibi akiwa shambani, nikamlaza chumba cha nyuma, kwenye pembe yenye giza, kihenge cha mtama kimemkinga. Mbaazi nilimpa. Mwezi ule nyumbani kulikuwa na nini kingine? Mbaazi asubuhi, mbaazi jioni. Nilimgawia zangu.

Siku ya pili nyumba ikabadilika. Harufu ile haikuja kwa kishindo. Ilikuja polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, ikapita ukumbini wakati wa usingizi wa mchana, ikazunguka, ikakaa. Mimi nimejilaza mkekani, nusu nimelala, nacheka ndani ya kanga, huku namsikia bibi ananong'ona, "Karibuni. Lakini msikae sana."

Ikakaa.

Chumba kile cha nyuma kilipakana na chumba cha mama mdogo. Somoe jina lake, mke mpya wa baba, katoka upande wa Ruangwa. Mama yangu mzazi alikuwa ameshaachika. Bibi hakumpenda Somoe tangu siku ya kwanza. Eti anatembea bila kusikika, eti nywele zake zimezidi. Na kweli zilikuwa nyingi! Akizifumua pale uani, mchana mzima unakwisha hajamaliza kuzisuka, nami nimelalia magoti yake nangoja zamu yangu, navuta harufu ya mafuta ya ufuta.

Siku ya nne bibi aliifuata ile harufu hatua kwa hatua, mkono ukutani, mpaka ikamfikisha mlangoni kwa Somoe.

"Umekuja na nini kwenye chungu chako, mwanamke?"

"Kitupu, mama. Angalia."

"Kitupu ndicho kinachonuka hivi?"

Zama hizo aliyeshukiwa uchawi alipelekwa kwa fundi, mganga wa kutoa uchawi, akanyolewa kichwa chote na kunyweshwa dawa. Baada ya hapo ni msafi, hakuna wa kumsema tena. Akirudia uchawi, dawa yenyewe inamuua. Bibi akampelekea baba habari kambini kwa Wazungu, alikokuwa kibarua. Baba akajibu kwamba mama yake akishaona, ameona, ampeleke tu.

Kumbe neno la kumwokoa lilikuwa moja tu, nami ndiye niliyekuwa nalo. Nililala nalo, nikaamka nalo. Siku ya safari bibi alitangulia, Somoe nyuma yake, nami nimesimama uani mdomo wazi. Nikaiona fimbo ya baba. Nikamwona Popi kwenye meno ya chui. Mdomo nikaufunga.

Somoe alirudi alasiri, kanga imemlalia bapa kichwani. Siku hiyohiyo Fidea naye alirudi, nikamtolea mbwa wake kwa kupita vichakani, na harufu ikakoma. Weee! Dawa imekamata! Watu wakaanza kuja kutoka hata Nanganga kumfuata fundi yule, na bibi akawa anasimulia sokoni utadhani wembe aliushika yeye.

Siku chache baadaye tulikuwa kisimani, mimi na Somoe, tunajaza madebe. Akauliza bila kuniangalia:

"Mbwa wako alifika salama kwao?"

Maji yote yakanimwagikia miguuni.

"Ulijua, mama mdogo?"

"Ukuta wenyewe wa fito, mwanangu. Nilikuwa namsikia akikoroma. Siku nyingine nilimpa maji, wewe unamsahau."

"Mbona hukusema?"

"Ungepigwa." Akakunja kata yake ya kitambaa taratibu, akaiweka juu ya kile kichwa kinachong'aa. "Na bibi yako angetafuta lingine tu. Kuku akikohoa, ni mimi. Sasa nimeshanyolewa, hana pa kunishika. Huku juu kuna upepo mzuri, usione."

Akacheka, akajitwisha debe, akaenda.

Na ni kweli bibi hakumsema tena. Walikula sahani moja mpaka bibi alipokufa, na Somoe ndiye aliyekuwa akimlisha mwishoni. Kwa hiyo miaka mingi nilijipa moyo kwamba mama mdogo alipiga hesabu zake, akajinunulia amani, kwamba mimi sikumkosea sana. Hapo nilipata usingizi mzuri tu. Lakini nimelea watoto wa watu wengine, na nimewaona wakinitazama kwa macho yenye kosa ndani yake, nami nimejikuta nikiwatungia sababu za haraka ili wapumue. Ndipo nilipomwelewa. Lile la bibi alilisema ili nisilie kwa lile la kwanza: "Ungepigwa."