Lainingi za Lori

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nikarudi nyumbani Garsen bila kazi, na ubishi mwingi kichwani. Mafuriko yalikuwa yameshapita, lakini uwanja mdogo wa ndege nje ya mji yaliuacha umekatwa na korongo upande wa mwisho. Ndege ziliacha kutua, vijana wenye magari wakauchukua. Alasiri ya Idi walishindana pale, magari mawili mawili, hadi kwenye mstari wa mwisho, uliopangwa kwa matawi ya mkoma. Kutoka kwenye matawi hadi korongoni hapakuwa na nafasi kubwa. Wenzangu walizungumzia injini. Mimi nilifikiria jinsi ya kusimama.

Kaka yangu alikuwa na pikapu kuukuu yenye breki za dramu kwenye magurudumu yote. Siku za kazi ilibeba samaki kutoka Kipini hadi Malindi, na ndiyo iliyotulisha. Idi ilipokaribia, lainingi zake, yaani vile vipande vinavyofungwa juu ya viatu vya breki ili visugue dramu, zilikuwa zimelika hadi ribiti zinazozishika zikawa zinakwaruza chuma.

Fundi wake wa kando ya soko alituwekea seti mbili juu ya gunia. Moja ilikuwa laini, rangi ya majivu. Ukiikwaruza kwa ukucha inaacha unga. Nyingine alikuwa ameikata kutoka kwenye lainingi ya lori: nyeusi, ngumu, yenye chembe za shaba.

"Hii ya lori ndiyo breki," fundi akasema. "Utazeeka wewe, yenyewe ipo."

"Kudumu ni kitu kimoja," nikasema. "Kushika je?"

"Haya, profesa ameamka." Kaka alicheka. "Tufundishe."

"Lori linateremka na mzigo, breki zinapata moto, ndipo lainingi hiyo inashika. Pale uwanjani utakanyaga mara moja tu, breki zikiwa baridi. Chukua laini."

"Laini italiwa na mchanga wa njia hii kabla mwezi mwingine haujaandama. Wewe unafikiria Idi peke yake. Kesho yake samaki watabebwa na nani? Na vitabu vyako vya chuo?"

Nikamuuliza, basi, kwa nini ashindane.

"Kwa sababu mwaka jana nilishindwa," akasema, "na yule muuza miraa aliyenishinda hajaacha kunipigia honi kila akinipita."

Fundi akazipigilia ribiti zile za lori.

Nilidai zijaribiwe. Jioni ya kuamkia Idi, tulipokuwa tunarudi kutoka Malindi, karibu na kuingia Garsen, kaka aliniambia nishike vizuri, kisha akakanyaga. Pikapu ilisimama papo hapo, na kreti tupu za samaki zikagonga ukuta nyuma ya vichwa vyetu.

"Umeridhika?"

"Zina moto sasa. Njia nzima umekuwa ukikwepa mashimo na kukanyaga breki. Jaribu asubuhi, gari halijatembea."

"Asubuhi ya Idi mimi niko msikitini, bwana. Nikitoka, naosha gari."

Kwetu gari la sikukuu halioshwi kwa ndoo. Linaingizwa mtoni, pale ukingo ulipo tambarare, mpaka maji yafike katikati ya magurudumu, na vijana wanalisugua pande zote. Siku ile mzee mmoja mfugaji alikuwa akinywesha ng'ombe pembeni yetu.

"Hii gari yenu nayo nakunywa maji?" akauliza.

"Ina kiu kuliko ng'ombe zako, mzee wangu!" kaka akamjibu, na sote tukacheka, mzee pia.

Dereva yeyote wa njia zetu anajua kwamba ukitoka majini unaendesha mguu ukiwa umegusa breki, mpaka dramu zikauke. Wakati wa mafuriko kaka alifanya hivyo kila siku bila kufikiri. Lakini kutoka mtoni hadi uwanjani ni karibu, watu walikuwa wakimpungia mikono, naye hakutaka vumbi lipande juu ya rangi. Aliendesha taratibu kama anayepeleka bwana harusi. Hakugusa breki kwa sababu hapakuwa na sababu ya kusimama.

Alipangwa na yule muuza miraa, akayapita matawi akiwa wa kwanza. Niliona taa zake za nyuma zikiwaka nyekundu. Ziliendelea kuwaka, na gari halikupunguza mwendo, mpaka likatoweka. Aliyefika korongoni kabla yetu sote alikuwa yule muuza miraa. Aliliacha gari lake mlango wazi, akakimbia miguu mitupu.

Kaka alirudi kutoka hospitali ya Malindi akiwa hai kuanzia kiunoni kwenda juu. Mama alisema ni husuda. Fundi alisema imeandikwa. Mimi nilichukua spana nikafungua dramu. Lainingi zilikuwa mpya kabisa, nyeusi, chembe za shaba ziking'aa, na chini ya dramu kulikuwa na tope la kijivu lililokauka. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nilizunguka nacho kiatu kimoja cha breki uani, nikakirudisha.

Baadaye alikuja mwenye pikapu mmoja wa kijiji cha Wema kumjulia hali. Aliketi mkekani kando ya kitanda, akampa pole, akanywa chai. Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza kama zile lainingi zina mtu.

Nilisimama ili nimtoe nje.

"Keti wewe," kaka akaniambia. Akamgeukia mgeni. "Chukua. Lakini zikiwa baridi usizitegemee. Na ukitoka majini zikaushe kwanza."

"Ah, kaka," yule bwana akasema kwa upole, "si hayo kila mtu anayajua?"

"Ndiyo," kaka akasema, akitazama dari. "Kila mtu anayajua."

Nikaenda kutafuta spana.