Matumbawe Juu ya Jamvi

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kuhamahama. Nilishafyatua matofali Tanga, nikaosha masufuria Mombasa, nikarudi kwetu Konde, Pemba, na begi moja na mgongo unaouma. Kazi niliyoipata ilikuwa kumbebea keekee ya kutobolea mawe mzee mmoja tuliyemwita Daktari, ingawa hakutibu mtu.

Alikuwa mtoto wa hapa hapa. Alikwenda kusoma ng'ambo, na umri wake wote wa kazi ukaishia kwenye ncha za dunia, akichimba barafu. Alinieleza kwamba kule theluji ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, na mapovu ya hewa ya zamani hubaki ndani. Wao waliitoa barafu hiyo kama mche mrefu wa sabuni, kipande baada ya kipande, wakasoma joto na baridi za miaka ambayo hakuna aliyeiandika. Mimi niliyeacha shule darasa la tano nilimuuliza mpaka akawa ananikimbia. Hewa hiyo inanuka? Mliionja?

"Tulikitia kipande kibovu kwenye maji," alinijibu siku moja, "kikawa kinalia pwa, pwa, hewa inatoka. Haina harufu. Haya, nipe spana."

Jirani yetu, bibi mwenye mikarafuu, hakuchoka kumcheka. "Bwana wewe, umetoka Pemba mpaka mwisho wa dunia kufuata barafu? Si hiyo dukani yauzwa kwa vifuko!"

"Ile ya dukani haina habari, Bi mkubwa."

"Na hiyo yako yasema nini?"

"Yasema tunaungua."

"Hilo hata mimi nalijua, na sijapanda ndege."

Alichokitaka kabla magoti hayajamshinda kabisa kilikuwa kimoja: kuona kama bahari ya kwao nayo iliiandika miaka ile ile aliyoisoma kwenye barafu. Tumbawe nalo huongeza tabaka kila mwaka. Karibu na kisiwa cha Fundo lipo moja kubwa kama jiko la nje, ambalo kichwa chake huibuka wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa sana. Tulilichimba bamvua mbili, saa chache kila siku, maji yakirudi tunakimbia. Tukapata mche mnene kama mkono wangu, umekatika vipande ishirini na mbili. Siku ya mwisho nilimbeba mzee mgongoni mpaka chomboni. "Sitarudi tena hapa," alisema, na haikuwa kulalamika.

Penseli haishiki kwenye tumbawe bichi. Aliniagiza nivianike kwa mpangilio, nikae navyo, na kila kinachokauka nikichoree namba na mshale wa kuonyesha juu. Yeye akaenda Wete kutafuta sanduku. Nilitandika jamvi uani, pembeni ya majamvi ya karafuu za bibi, nikavipanga. Vinane vilikauka mapema, nikaviandika. Vilivyobaki vilikuwa bado vinatoa maji. Nikaingia ndani kidogo kutazama picha zake za barafu.

Kila mtu Pemba anajua la kufanya mvua ikikuta kitu kimeanikwa. Aliye karibu anaanua, hasubiri mwenyewe. Niliposikia matone kwenye bati nikatoka mbio, bibi na binti zake walikuwa wamekwisha kuokoa kila kitu. Matumbawe yote yalikuwa ndani ya pakacha moja, juu yake wamemwaga karafuu.

"Ulilala?" bibi akaniuliza, anahema. "Mawe ya watu yangerowa!"

Nilimshukuru. Nikabeba pakacha ndani, mpangilio wote umevurugika.

Nilikaa sebuleni nikijaribu kuviunga. Ncha zilikuwa zimesagika zilivyogongana. Vinane vilikuwa na alama, vingine saba vilikubali kuungana. Saba vilivyobaki vilikaa sawa vyovyote nilivyovigeuza, juu chini, na hapo ndipo nilipoogopa. Ningeweza kuvichorea mishale, na hakuna ambaye angejua. Nilishika penseli kwa muda mrefu. Kisha nikaiweka chini nikamngoja.

Daktari alirudi alasiri. Nilimweleza yote, hata habari ya picha. Alikaa kwenye mkeka kwa shida, akavishika vile saba kimoja kimoja, akavinusa. Vilinuka karafuu.

"Picha gani?"

"Ile mmesimama kwenye shimo la theluji."

"Ile si nzuri," alisema. Akavirudisha mkekani. "Hivi siwezi kuviapia. Ni miaka ya katikati, ndiyo niliyokuwa naitaka."

Bibi akachungulia mlangoni. "Daktari, mawe yako salama? Tumeyawahi!"

Nilimtazama Daktari. Alijiinua nusu, kwa adabu. "Salama, Bi mkubwa. Mungu akulipe."

Bibi alipoondoka, Daktari akanisogezea daftari, akaviweka vile saba kando, karibu na ukuta. "Andika vile kumi na tano. Kisha ruka ukurasa mzima. Juu yake andika kwamba hapa hatujui."

Nikaandika. Akalisoma, akaniambia nikaweke maji ya chai.