Mkunga Aliyetaka Kuona Kitambaa

Jumanne ya juma lililopita, kabla ya saa sita mchana, tulimpoteza mkunga wa laini za kahawa, zile safu za nyumba za vibarua wa mashamba, kati ya Ruiru na Thika. Habari aliniletea mke wangu ofisini, miguu yake ikiwa bado na udongo wa shamba. Hakulia. Alisema tu, "Yule mama amekwenda," akaketi juu ya gunia tupu, nami sikuuliza mama yupi. Hakuwa ndugu yetu, wala si wa kabila letu, maana sisi tulitoka magharibi kutafuta kazi na yeye alizaliwa hapa hapa, ng'ambo ya mto. Cheti hakuwa nacho. Kazi alijifunza akipiga deki katika wodi ya wazazi, akitazama, kisha akarudi kwao kuzalisha. Nimechoka na vifo miaka hii, kama kila mtu alivyochoka, na ningependa juma hili niandike katika safu yangu hii ya gazeti habari za mvua. Lakini nikinyamaza juu ya huyu nitakuwa mwongo.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano, kisha uso, kisha kifua. Majirani walisema itaisha kabla ya juma la pili. Haikuisha. Juma la nne mtoto alikuwa bado wa manjano, ingawa alinyonya kwa pupa na mashavu yalikuwa yamejaa. Mama mkwe wangu, aliyekuja kumtunza binti yake, akasema maziwa yana nyongo. Akakamulia matone kijikoni, akamtia sisimizi ndani. Sisimizi akafa, na kesi ikaisha hapo. Mdudu yeyote angekufa kwa kuzama, lakini siku ile sikuliwaza hilo. Nami, karani mwenye madarasa machache kuliko ninavyopenda watu wajue, nikaenda dukani Ruiru nikarudi na maziwa ya kopo. Mke wangu alikataa. Nikamwambia, "Unataka kumwua mtoto kwa ubishi?" Maneno hayo ni yangu, siwezi kumtwika mtu mwingine. Akafungwa kifua kwa kipande cha kitambaa cha merikani ili maziwa yakauke. Siku nne mtoto alikunywa kopo lililokorogwa kwa maji ya mto. Njano ilipungua kweli, tukashangilia. Kisha tumbo likafunguka, akaharisha mpaka utosi ukabonyea.

Mkunga alisikia habari huko laini, akaja bila kuitwa. Hakuanza na macho ya mtoto. Alimwuliza mke wangu, "Kabla ya kopo, choo chake kilikuwa rangi gani?"

"Ngai! Huyu anatafuta mavi badala ya ugonjwa," akasema jirani mmoja mlangoni, watu wakacheka.

"Kama malenge yaliyopondwa," mke wangu akajibu.

"Na mkojo?"

"Kama maji."

"Basi maziwa yako hayakuwa na kosa." Akachukua kitambaa alichochafua mtoto asubuhi ile, akanipa mimi. Nikarudi nyuma. Kwetu mwanamume hashiki kitu kama hicho. "Karani, kazi yako si kusoma? Basi soma hii." Nikatazama. Yalikuwa maji matupu ya kijani. "Hilo ndilo kopo lako," akasema, na wala hakupaza sauti.

Alimfungua mke wangu kile kitambaa cha kifuani, akachemsha maji, akawa anamdondoshea mtoto kwa kijiko huku akimrudisha kwenye titi, mara ishirini, mara thelathini, mpaka maziwa yakarudi. Alikaa kwetu siku mbili. Mama mkwe hakusema naye siku ya kwanza; siku ya pili alimpikia. Mtoto alipona tumbo. Njano ilirudi kidogo, ikakaa mpaka karibu juma la kumi, kisha ikaondoka yenyewe. Nilimwuliza mkunga sababu yake. Akasema, "Sijui, karani. Nilimwuliza daktari, na yeye hajui. Mimi najua tu kwamba mtoto anayenyonya vizuri na kunenepa, choo chake cha manjano na mkojo wake mweupe kama maji, hiyo njano itamwacha. Lakini ikija siku ya kwanza, au akilegea hataki titi, au choo kikiwa cheupe kama majivu na mkojo unatia kitambaa rangi, usiningoje mimi. Kimbia hospitali."

Siku nyingine, wakichambua maharagwe pamoja, mke wangu alimwuliza nani alimfundisha habari ya kitambaa. Akajibu, "Mtoto mmoja wa Ruiru." Siku ya mtoto huyo kulikuwa na mvua, naye mkunga alikuwa akikimbilia uzazi mwingine. Mama mmoja alisimama mlangoni akiinua mtoto wa manjano ili amwone. Mkunga alipaza sauti kutoka barabarani: "Nyonyesha tu, itaisha!" Hakuingia ndani. Kumbe choo cha mtoto yule kilikuwa cheupe tangu mwanzo. Wazazi walipomfikisha hospitali tumbo lilikuwa limevimba, na baadaye akafa. "Pengine hata wa hospitali wasingeweza kitu," alisema. "Lakini mimi sikuingia." Akaendelea kuchambua maharagwe.

Nimeyafikiri maneno hayo juma zima. Siku hizi kila mtu anataka jibu la mlangoni. Dukani kuna makopo yenye picha ya mtoto mnene, na picha hiyo inajibu kabla mama hajauliza. Mimi mwenyewe nimeandika juu ya watu wengi ambao sikuingia kwao. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo mawili, na niliambiwa. Kama kuna funzo alilotuachia yule mama, si dawa wala siri. Ni kuingia ndani, kuomba kuonyeshwa kile ambacho watu wanaona aibu kukionyesha, na kukiri usichokijua.

Tulimzika Alhamisi. Watu walipoanza kutawanyika, msichana mmoja mchuma kahawa alimjia mke wangu akiwa na mtoto mgongoni. "Mama, ana majuma matano na bado ni wa manjano. Wameniambia niache kumnyonyesha. Nilikuja kumwuliza yeye." Akatazama udongo mbichi wa kaburi. Mke wangu akamshusha mtoto mgongoni, akampima kwa mikono yake. Alikuwa mzito, akipiga mateke. "Una kitambaa?" Msichana akaona haya, akakifungua. Mke wangu akakigeuza juani, akakitazama sana, halafu akaninyooshea mimi mbele ya wanaume wote wa laini.

"Soma na wewe," akasema.

Nikakishika kwa mikono miwili. Kilikuwa rangi ya malenge, na pale palipolowa mkojo hapakuwa na rangi. Nikasema hivyo, kwa sauti, ili wote wasikie.

"Basi kaa," mke wangu akamwambia. Msichana akaketi nyasini, akafungua kifua, na mtoto akaanza kunyonya.