Sufuria la Pilau Chini ya Kitanda

Mke wangu aliponiachia mipango ya chakula cha nyumba yetu, hapa Nkuhungu, nilijiona waziri wa fedha. Yeye anashinda ofisini. Mimi nashona nguo sebuleni, kwa hiyo mimi na jiko tunaonana kutwa nzima. Pesa ya matumizi ilikuwa ya kubana, na mpango wangu ulikuwa wa kisomi, wa mtu aliyemaliza kidato cha nne akatoka na robo yake kichwani: Jumatatu ugali na mboga ya mlenda, Jumanne mlenda wa karanga, Jumatano mlenda uliokosa karanga. Ubunifu uliendelea hivyohivyo. Watoto wakinuna nawaambia, "Vumilieni. Jumapili pilau la nyama."

"Apa, baba," alisema binti yetu mdogo.

Nikaapa, mkono juu ya cherehani.

Jumapili nyama ilitosha kila mtu kipande kimoja, tena cha kutafunwa kwa heshima maana hakirudiwi. Ndiyo kwanza naipua sufuria, nikasikia hodi. Mama mkwe, kutoka Mvumi, na mfuko wa mlenda mkavu kichwani. Kama vile tulikuwa tumepungukiwa.

Sasa, mgeni hupakuliwa wa kwanza, na akiwa mama mkwe, nyama yote huelekea kwake. Nikatazama nyuso za watoto. Nikawaza mahali ambapo mama mkwe hafiki kamwe. Ni chumbani kwetu, maana mkwe haingii anakolala mkwewe. Nikasukuma sufuria chini ya kitanda, nikafunga mlango, nikaenda kuamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo humu?"

Nikamwandalia ugali na mlenda wa jana, nikingoja ale aende. Hakuenda. Mlango wa chumba chetu unafungukia sebuleni, naye akakalia kiti kilicho mbele yake kabisa. Watoto wakakaa mkekani, wakiutazama ule mlango kama televisheni. Mke wangu alinitazama mimi, na sikuona upendo.

Tatizo ni kwamba viungo vya pilau havijui ukwe. Vilipita chini ya mlango bila hodi.

"Baba," mama mkwe akasema, akimega tonge taratibu, "siku hizi marashi yenu mnatia bizari?"

"Ni majirani hao, mama."

"Majirani wanalala chumbani kwenu?"

Mke wangu akaficha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika.

"Mimi humo siingii," mama mkwe akaendelea. "Lakini sijasikia mila inayokataza sufuria kutoka."

Nikalitoa, na vumbi la uvunguni juu ya mfuniko. Akafunua, akachungulia zile nyama, akanitazama kwa huruma.

"Vipande hivi ndivyo ulivyovifungia mlango?"

Kisha akachukua upawa akawapakulia wajukuu zake, kila mmoja na kipande chake. Cha mama yao akampa mama yao. Yeye mwenyewe akavuta bakuli la mlenda. "Wali haunishibishi mie. Ila huu mlenda wako, mkwe, ni mbaya. Kesho napika mwenyewe."

Uwaziri ukaishia hapo. Nikasogeza sahani yangu, nikaona kipande changu kinatua kwenye sahani ya yule binti niliyemwapia.

"Kula, mama," bibi yake akamwambia. "Baba yako ameshashiba harufu."