Mkanda Wangu Mmoja, Guangzhou

Mwaka 1962 nilikuwa na miaka tisa. Ndipo shida ilipoanza. Baba alikwenda kukata mkonge Kimamba na hakurudi, wala hakuja mtu kutuambia amekufa. Mama akanitoa shule nikiwa darasa la pili, akanipa nyundo. Tukawa tunagonga kokoto chini ya mlima, hapa hapa Morogoro, yeye mawe makubwa, mimi madogo. Kwa hiyo anayetaka kunicheka ninavyoandika, aende kwanza akagonge kokoto miaka minne, halafu aje tuzungumze.

Nilipofika miaka kumi na tatu Mhindi mmoja mwenye studio alinichukua nimsaidie kusuuza picha. Hakunifundisha kitu, nilimwibia kwa macho. Nikajua kusafisha picha, nikajua mwanga, nikajua kuweka mkanda kwenye kamera nimefumba macho, kwa vidole tu. Wengine wanajivunia vyeti, mimi nilijivunia hilo. Mwaka 1983 nikafungua studio yangu karibu na stendi. Nusu ya mji huu imepita mbele yangu: maharusi, watoto wa kipaimara, watu waliotoka jela wakataka picha siku hiyo hiyo.

Ila mimi mwenyewe sikuwa na picha. Ile ya paspoti tu, na pale nimekaza uso kama mtu anayeng'olewa jino. Nani anipige? Mke alikuwa ameshafariki, watoto wanaogopa kugusa kamera yangu, na haki yao, maana nilikuwa nawachapa.

Mwaka 1998 akaja mama mmoja wa Kariakoo anayeuza mikoba ya kike. Alikuwa amevunjika mguu, anatembelea magongo, na bado anafoka kama ana miguu minne.

"Fundi, China utakwenda?"

"Kufanya nini?"

"Kupiga picha mikoba."

"Mikoba nayo inaoa siku hizi?"

"Inanunuliwa. Usinijibu ovyo na mguu wangu huu."

Akanieleza. Yeye hakuwa na uwezo wa kubeba sampuli ya kila mkoba. Alikuwa akienda kiwandani anapiga picha, kila mkoba na karatasi yake yenye namba na rula pembeni ya kuonyesha ukubwa. Akirudi anatuma picha Mbeya, Songea, Iringa, wateja wake wanachagua kwa namba, ndipo anaagiza. Safari iliyopita picha zake zilitoka na ukungu, watu wakachagua mkoba mwekundu ukaja wa kahawia. Sasa anataka mtu anayejua kazi. Gari na dereva atanipangia yeye, ni yule yule anayemtumia kila mwaka.

Nikamwambia nitakwenda. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Mama yangu alikuwa na presha ya macho. Daktari alishasema mwanga utafunga, jicho moja kwanza, la pili litafuata. Nilipokwenda kumuaga alikuwa anachagua mchele, uso umekaribia kuingia kwenye ungo.

"Nikuletee nini mama? Kitambaa?"

"Kitambaa nitakionea wapi? Niletee picha yako. Umesimama huko China, mzima, kichwa mpaka viatu. Na uwahi, maana mimi sijui nina siku ngapi za kuona."

Basi. Hilo ndilo nililobeba. Mikanda kumi na minne ya kazi, na mkanda mmoja wangu, wa picha thelathini na sita, nimeufunga kwenye soksi.

Dereva alinipokea mpakani, nilipovuka kutoka Hong Kong. Mtu mfupi, shati jeupe, chupa ya chai ya majani mkononi kila saa. Kiswahili hajui, Kiingereza hajui, na mimi Kichina sijui zaidi ya maneno matatu niliyofundishwa na yule mama wa mikoba: laoban ni bosi, pengyou ni rafiki, mei you ni hakuna. Aliniita pengyou tangu saa ya kwanza. Nilidhani ni jina langu la kazi.

Tuliendesha siku mbili kwenye miji ya viwanda. Yeye anaendesha, mimi nashuka, nampa laoban barua ya yule mama iliyoandikwa Kichina, napanga mikoba mezani, naweka namba, naweka rula, napiga. Wengine walinifukuza. Walidhani nimekuja kuiba mitindo yao. "Mei you, mei you," na mkoba uko pale mbele yangu kwenye msumari! Tunarudi garini, tunaendelea. Barabara pana, malori, mashamba ya migomba kisha kiwanda, kisha migomba tena. Siku ya pili niligundua kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti. Nikasoma namba za magari kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili nisikie mtu anasema. Dereva akanitazama, akaongeza redio.

Tulipoingia Guangzhou akasimamisha gari mbele ya nyumba ya wageni, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, akanionyesha vidole vitatu. Akafanya kama anafagia, akapiga magoti pale pale njiani, akainamisha kichwa mara tatu. Nilielewa. Ilikuwa siku zao za kusafisha makaburi ya wazee. Anakwenda kwao, atarudi baada ya siku tatu. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Mimi baba yangu sijui hata kaburi lake liko wapi.

Nikabaki na siku tatu kwenye mji ule, sina kazi, sina mtu.

Nikasema vizuri, hizi ni siku za mama. Nikatoa ule mkanda kwenye soksi, nikauweka kwenye kamera nimekaa kitandani, natazama nje dirishani, sitazami mikono. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, nitazame nini? Nikafunga mgongo wa kamera, nikavaa koti langu la harusi, nikachukua stendi ya miguu mitatu, nikatoka.

Nilizunguka mji ule kama mgambo. Juu ya daraja la waenda kwa miguu. Kando ya mto, majengo nyuma yangu. Kwenye bustani ambako wazee wanatundika ndege kwenye vizimba na kucheza karata. Nachagua mahali, nasimamisha stendi, napima mwanga, naweka kamera ijipige yenyewe, nakimbia, nasimama, kidevu juu, mkono mmoja mfukoni. Sekunde kumi. Ka! Narudi, navuta mkono wa kamera kusogeza mkanda, nahama. Watu walikusanyika kuniangalia. Mama mmoja alinishika nywele. Mtoto alilia. Hakuna aliyesema nami neno, na jioni nililala na njaa kwa sababu sikutaka tena kunyoosha kidole kwenye vyungu vya watu.

Siku ya pili nikaona mgahawa wa Waislamu wa huko, wenye kofia nyeupe, wanachoma nyama ya kondoo. Naingia, nasikia mtu anamgombeza mhudumu kwa Kiswahili: "Hebu ongeza pilipili, usinifanyie ubakhili!" Alikuwa kijana wa Unguja wa miaka kama thelathini, mfanyabiashara wa vitambaa, kofia kichwani na maboksi yake chini ya meza.

"Mzee wangu, wa bara weye? Na koti hilo, unaoa hapa?"

"Nina kazi ya picha."

"Kaa, kaa, tule. Wallahi wiki nzima nazungumza na kikokotozi tu."

Tulikula. Tulisema mambo yasiyo na maana, bei ya sukari, mpira, mvua, na nilikuwa nasikia masikio yangu yanafunguka. Baadaye akanisindikiza mpaka darajani, nikasimamisha stendi nijipige. Alisimama nyuma ya kamera ananitazama. Nilipovuta mkono wa kamera akainama.

"Mzee, hiki kidude cha juu hapa kushoto, cha kurudishia mkanda. Ukivuta, hakitakiwi kizunguke? Mbona kimetulia? Cha kamera yangu huzunguka."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kutazama. Ilikuwa sekunde mbili. Badala yake nikasema:

"Mimi nimeshika kamera wewe bado unajikojolea. Leo nifundishwe na muuza vitambaa?"

Uso wake ukabadilika. "Samahani mzee," akasema. "Nilitaka kusaidia tu." Akanipa mkono, akasema ana maboksi ya kufunga, akashuka ngazi. Niliitazama kofia yake mpaka ikapotelea kwenye watu. Kisha nikajipiga picha nyingine tatu, kidevu juu.

Siku ya tatu ilinyesha. Nilikaa chumbani nahesabu vigae vya ukuta. Nilikuwa na sauti moja tu ya Kiswahili katika nchi nzima ile, na nilikuwa nimeifukuza kwa mdomo wangu.

Dereva akarudi, ameniletea kipande cha nguruwe wa kuchoma kutoka makaburini kwao, kimefungwa kwenye gazeti. Tukaondoka kwenda Shiling, mji wa mikoba, ndiko kulikuwa na kazi kubwa. Njiani nikaona mkanda wangu bado picha chache uishe, nikapiga barabara kupitia dirishani ili niumalize. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Nikavuta tena, ukavutika. Thelathini na nane. Arobaini.

Kila mpiga picha anajua maana yake. Mkanda haukushika tangu siku ile ya kitandani. Ulikaa ndani umejikunja kama ulivyotoka dukani, na mimi siku mbili nazunguka mjini navuta hewa. Daraja hakuna. Mto hakuna. Koti la harusi hakuna. Na kile kidude cha kushoto kilikuwa kinanieleza muda wote, na kijana akanitafsiria.

Tulipofika Shiling nikautoa mkanda ule, nikautia mfukoni, nikafanya kwanza wajibu wangu. Mikoba yote ya laoban yule nikaipiga kwa mikanda ya kazi, namba kwa namba, mpaka mikanda ikaisha. Kisha nikatoka uani, nikakaa juu ya rundo la ngozi, nikainama. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na nilitaka kulia kama mtoto aliyepoteza hela ya dukani. Viza yangu ilikuwa inaisha kesho yake.

Dereva alidhani naumwa. Akaniletea maji ya moto. Nikautoa mkanda wangu mfukoni, nikamwonyesha: mzima, haujaguswa. Nikasimama nikamwigizia. Nikakimbia kutoka kwenye kamera, nikaweka kidevu juu, mkono mfukoni, nikahesabu kumi. Nikakimbia tena. Kidevu. Mkono. Nikamwonyesha mkanda: mei you!

Alicheka mpaka akashika gari. Chupa ya chai ikaanguka. Sikupenda, nilitaka kumtukana, lakini alikuwa anacheka kwa namna ambayo na mimi ikanishika. Nikauweka mkanda upya, safari hii kwa macho yote mawili. Nikampangia mwanga na umbali, nikamwekea kidole chake pale pa kubonyeza. Nikasimama mbele ya lile rundo la ngozi, na bado nacheka. Akabonyeza. Nikavuta mkono wa kamera na kidude kikazunguka. Nilikiona.

Tulirudi kupitia Guangzhou mchana, tukawa na saa moja ya kula. Ningeweza kurudi darajani na kujipiga tena, kamera ilikuwa tayari na mwanga ulikuwa mzuri. Nikaenda kwenye ule mgahawa wa kondoo. Nikamwigizia mhudumu kofia, maboksi, pilipili. Akafanya ndege kwa mkono, ikaruka. Kijana alikuwa ameondoka jana yake. Nikala peke yangu kwenye meza ile ile, sahani yake upande wa pili hakuna.

Nilipofika nyumbani jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshafunga. La kulia aliniambia anaona kama kwa tundu la ufunguo. Nilisafisha mkanda siku hiyo hiyo, nikaikuza picha, nikampelekea. Akaenda nayo mlangoni penye jua, akaiweka karibu na pua, akaisogeza kidogo kidogo, viatu, suruali, koti, mpaka kufika usoni. Alichukua muda mrefu. Mimi nimesimama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Hii hukujipiga," akasema.

"Amenipiga dereva."

"Unamcheka yeye?"

"Tulikuwa tunacheka wote."

"Mnasemezana lugha gani?"

"Hatusemezani."

Akairudisha puani. "Basi ulikuwa na mtu," akasema. "Mimi nilikuwa silali, nasema mwanangu yuko peke yake huko na mdomo wake ule."

Sikumwambia habari za siku tatu wala za kijana wa Unguja. Mwanga ulifunga kabla ya mvua za vuli. Tangu hapo alikuwa anaishika picha ile kwa vidole na kuwaeleza majirani: mwanangu China, anacheka na rafiki yake. Kila mwaka aliongeza kitu. Mara kulikuwa na mto, mara kulikuwa na daraja. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilisimama darajani kweli.

Alifariki mwaka 2006. Nilijua kaburi lake litakuwa wapi, nililijengea mwenyewe.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, bati jipya. Nina fremu mbili za duka karibu na stendi, moja nimepangisha kwa muuza simu. Nina kiwanja Mkundi, hakijajengwa. Nina mbuzi sita. Nina kamera nne, tatu hazifanyi kazi. Ile ya China inafanya kazi, na nikipata mkanda nauweka huku natazama mpaka kidude kizunguke. Na picha yangu moja, kona ya chini imeisha rangi mahali alipokuwa anaishika.