Mafundi Wanne wa Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani hodari na mwongo wa kutupwa. Nasema kwa upendo. Nguo ikichelewa, na kwake huchelewa, hawezi kukwambia hajaianza. Thubutu! Atasema imebaki vifungo tu, ila fundi wa vifungo anaumwa. Ukirudi, fundi wa pindo amefiwa. Ukirudi tena, fundi wa pasi kasafiri na ufunguo wa kabati. Ukipandisha sauti, anakutajia binti wa vipimo, eti ndiye aliyepoteza daftari. Wote wanne wanafanya kazi nyuma ya pazia. Mimi nimefika nyuma ya pazia. Kuna ndoo, ufagio na baiskeli mbovu ya kaka.

Duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi limepakana na lake, kwa hiyo uongo wote huo naupata bure, ukiwa bado wa moto.

Siku moja akaingia kwangu na barua. "Wifi, hebu nisomee. Nimeona muhuri, moyo ukanilipuka."

Ilitoka ofisi ya kodi. Ilisema ana wafanyakazi wanne na hajawahi kuwakata kodi ya mishahara. Alipe ndani ya siku thelathini, la sivyo vifaa vyake vya kazi vitashikiliwa. Vifaa gani? Ana cherehani kimoja tu, kile alichoingia nacho kwenye ndoa.

Nilicheka. Halafu nikamwona amekaa juu ya katoni la karatasi, machozi yanamtoka. "Wakikichukua nitashona na nini, wifi? Na meno?" Nikaona aibu, nikairudia barua.

"Hapa wameandika haki zako ziko ukurasa wa pili. Uko wapi?"

Akaanza kuokota nyuzi kwenye nguo yake.

"Wifi!"

"Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu," akasema akiangalia chini. "Nimeikatia kola."

Tukaenda kuitafuta kola. Kwa bahati ilikuwa bado imebanwa kwa pini kwenye kitambaa cha shati la mtu. Nikasoma nikiigeuzageuza: mlipakodi ana haki ya kupinga makadirio, ya kuonyeshwa ushahidi, ya kupewa sababu kwa maandishi, na ya kusikilizwa akiwa na mtu wa kumsi... Hapo mkato wa shingo ulikuwa umekula maneno.

"Kumsindikiza," akasema wifi.

"Kumsimamia. Ndiye mimi. Siku ngapi zimepita?"

"Ishirini na sita."

Nilitaka kumchapa na rula yake mwenyewe. Tukarudi dukani kwangu, nikakaa kwenye mashine, nikaanza kuchapa pingamizi: mimi sina mfanyakazi yeyote.

"Usiandike hivyo! Wateja watajua. Andika wameacha kazi."

"Wifi."

"Basi wamekufa."

"Wote wanne?"

"Ajali."

Nikachapa ukweli, akatia sahihi huku akinisonya. Tukaipeleka mchana ule ule, na sikutoka pale mpaka nakala yetu ilipogongwa muhuri.

Siku ya kusikilizwa tulikuta mkuu wa ofisi, baba mwenye miwani, na pembeni yake mkaguzi mwenye daftari. Wifi akanifinya. "Yule dada ni gauni la bluu!" Majina hayakumbuki huyu. Anawajua watu kwa kitambaa.

Nikaomba ushahidi. Mkaguzi akafungua daftari, akasoma bila kupepesa: "Tarehe tatu, fundi wa vifungo anaumwa. Tarehe kumi, fundi wa pindo amefiwa. Tarehe kumi na nane, fundi wa pindo amefiwa tena." Alikwenda mara kumi na moja kufuata gauni lake, maskini, na kila safari aliandika.

"Uliwahi kuwaona?" nikamuuliza.

"Walikuwa nyuma ya pazia."

Mkuu akamgeukia wifi. "Mama, watu hawa wapo au hawapo?"

Wifi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Hawapo, mheshimiwa," akasema. "Vifungo ni mimi, pindo mimi, pasi mimi. Kazi ikizidi naogopa kukataa, mtu asije akahamia kwa mwingine na asirudi. Basi namdanganya."

Mkuu akajifanya anafuta miwani, mabega yanamcheza. Mkaguzi yeye hakucheka. "Na gauni langu?"

"Hilo si shauri la ofisi hii," akasema mkuu.

Baada ya wiki mbili makadirio yakafutwa. Na kwa kuwa mimi niling'ang'ania sababu za maandishi, sababu zikaja: imethibitika kwamba mlipakodi hana mfanyakazi yeyote, na kwamba maelezo aliyowapa wateja kwa miaka mitatu hayakuwa ya kweli. Wifi akaikimbilia barua hiyo na mkasi. Aliikata vizuri sana, lakini nilishatoa fotokopi, na moja nilishaibandika ukutani kwake, juu ya cherehani.

Tulikuwa bado tunagombana kuhusu karatasi ile pale alipoingia mkaguzi, safari ya kumi na mbili. "Nimekuja kuchukua gauni."

"Karibu, dada. Limebaki vifungo tu, fundi wa..." Macho yake yakapanda ukutani.

"Sijalianza," akasema.

Mkaguzi akavuta kiti, akaweka pochi mapajani.

"Haya," akasema. "Anza."