Neno Nililoliongeza kwenye Tangazo la Mlima

Mara tatu nimeanza kuandika jambo hili na mara tatu nimepasua karatasi, maana kila mara nilijikuta natafuta namna ya kujitetea. Shule yangu ni miaka minne tu ya misioni. Labda mwenye shule zaidi angeliandika vizuri, au kosa lenyewe asingelifanya kabisa.

Wakati ule nilikuwa karani wa ofisi ya Teritwari, utawala wa Wabelgiji hapa Kamina. Matangazo ya Kifaransa niliyageuza Kiswahili, kisha nikaenda gare, pale treni zinaposimama, nikagonga kipande cha reli kilichotundikwa pale, na watu wakija nikayasoma. Sheria ilikuwa moja: soma kilichoandikwa, usijibu swali.

Mwaka ule mlima wa moto wa Kivu ulipasuka. Habari ililetwa kwanza na akina mama wauza samaki kutoka Bukama, walioisikia kwa watu wa mashua. Kila kikapu kilishuka na mlima wake: huu umemeza kambi, ule umekausha ziwa. Vijana wengi wa hapa walikuwa wameandikwa kazi ya barabara kule, na vilio vikaanza mitaani kabla ya mtu yeyote kujua kitu.

Bwana wa Teritwari akanipa komunike, tangazo la kusoma. Mlima unawaka, Serikali inaangalia, hakuna Mzungu aliyeumia, msambaza uongo atafungwa. Nikamuuliza, "Na watu wetu, Bwana?" Akafungua mikono. "Sijaambiwa." Niseme haki: hakunificha. Telegramu yenyewe haikuwa na zaidi.

Nilipomaliza kusoma, jirani yangu akasogea mbele. Mume wake alikuwa kule barabarani.

"Karani, bwana yangu iko muzima ao hapana? Sema, nijue kama nalia ao napika."

Sheria ni sheria: nikageuka kubandika karatasi ukutani. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mama, muache! Huyu iko gramafoni. Unamuzungusha, anaimba, hajibu!"

Watu wakacheka. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia yule mama, na kweli nilimhurumia. Lakini kicheko kile njo kilichonifungua mdomo.

"Na betu bote beko bazima," nikasema. "Iko mu karatasi."

Yule mama alipika pombe ya munkoyo, akaita mashemeki zake, ndugu za mume, akacheza uani kwake mpaka vumbi likapanda. Nilialikwa. Nilikunywa vikombe viwili.

Baadaye treni ilileta sanduku la mume wake na blanketi, pamoja na mwenzake wa kambini. Alisema kilichomuua ni homa, pale walipohamishiwa kukimbia moto. Sijui, sikuwepo. Alisema pia kwamba walimzika juma lile lile mlima ulipopasuka. Basi siku ya ngoma ile, mume alikuwa ameshalala chini.

Kwetu, ndugu za marehemu njo wanaomnyoa mjane. Bila wembe wao, mwanamke si mjane wa mtu: hawezi kukaa nyumba ile, wala kurudi kwao kwa heshima. Wakakataa. "Hatunyoe muke mwenye kucheza juu ya maiti."

Akaja mlangoni kwangu, akaniita kama kaka yake. "Yaya, uende ubaambie. Miye nilicheza neno yako."

Siku mbili sikwenda. Nilijiambia kwamba naogopa kifungo, maana komunike ilitaja kifungo cha waongo. Kumbe niliogopa zaidi watu kucheka tena. Siku ya tatu nilibandua tangazo kwenye ukuta wa gare na kuifuata njia ya Kabongo hadi kijijini kwa baba mkwe wake, ambako yule mama alikuwa ameshafika, amekaa chini nje ya ua.

Nilisoma neno kwa neno, Kifaransa kisha Kiswahili. Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto yangu iko fasi gani mule?"

"Hayumo, vidye," nikamjibu kwa jina la heshima.

"Sasa weye ulimutosha wapi?"

"Mu kichwa yangu."

Shangazi wa marehemu akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Bazungu banatuletea chakula bila chumvi, na karani yetu anatia ya kwake!" Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee akaagiza wembe.

Nikainuka niondoke. Yule mama akasema, bila kunitazama, "Baki, yaya. Uangalie."

Nikabaki. Shangazi alitaka kitu cha kupokelea nywele zisianguke ovyo, akanyoosha mkono. Nikampa tangazo. Nywele zikaangukia juu ya muhuri wa Serikali, wakaikunja karatasi pamoja nazo, wakaenda kuzika.

Tangu siku ile yule mama hupita mlangoni kwangu kimya, na ni haki yake.

Kesho yake Bwana aliona ukuta mtupu, akaniuliza karatasi iko wapi. Nikamwambia upepo umeibeba.